Kusaidia bila kunyang'anya: mizani ya kumuuguza aliyepatwa na kiharusi

*Jamaa wengi wa Afrika Mashariki humuuguza mgonjwa wa kiharusi kwa moyo mmoja, lakini wataalamu wa utengamao, watetezi wa haki za wenye ulemavu na familia zenyewe hawakubaliani juu ya kiasi cha msaada kinachomfaa. Makala haya yanachambua hoja za kila upande.*

Mtu aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi hurudi nyumbani kutoka hospitalini akiwa na tatizo ambalo karatasi za ruhusa hazilitaji, nalo ni sahani ya chakula. Mkono wa kulia, ambao kwa desturi za Waswahili na za jamii nyingine nyingi za Afrika Mashariki ndio wa kumega tonge, kupokea na kusalimia, haunyanyuki. Mkono wa kushoto, ulio mzima, ni ule aliofundishwa tangu utotoni kuuepusha na chakula kwa sababu ndio wa kujitakasia. Familia inayoona aibu kumwacha mzee ale kwa mkono huo mbele ya wageni huchukua kijiko ikamlisha, na msaada huo, unaotolewa kwa mapenzi na heshima, mara nyingi huendelea hata baada ya haja yake kwisha.

Tatizo haliishii kwenye sahani. Anayelishwa huishia kuogeshwa na kuvalishwa hata pale anapoweza kujaribu, kisha, pasipo mtu yeyote kukusudia, huanza kusemewa: mgeni anayemjulia hali hujibiwa na binti, daktari humwuliza mtoto wa kiume kama baba amelala vizuri, na simu yenye fedha zake huhamia mfukoni mwa mjukuu pamoja na namba ya siri.

Hatua hizo mbili, ya kumfanyia mgonjwa kazi za mwili na ya kumwamulia mambo yake, hufuatana kwa urahisi kiasi kwamba nyumba nyingi huziona kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa katika fani za utengamao, saikolojia ya uzee na haki za watu wenye ulemavu unaonyesha kwamba ni mambo mawili yenye sababu tofauti na tiba tofauti, na kwamba kuyachanganya ni kosa kubwa katika uuguzi wa nyumbani.

Ugonjwa unaorudisha watu nyumbani

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuzibwa na donge, ama kwa mshipa kupasuka, na chanzo chake kikuu katika eneo hili ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha na wengi zaidi huishi nalo bila kujua. Kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, dhara likitokea kushoto mwa ubongo mkono na mguu wa kulia ndio hupooza, na kinyume chake.

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache za Afrika kusini mwa Sahara zilizopata kufanyiwa hesabu ya kina ya ugonjwa huu katika jamii. Utafiti ulioongozwa na Richard Walker, uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na 315.9 kwa kila watu 100,000 katika eneo lililochunguzwa jijini Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri.

Wanaonusurika hawakai wodini muda mrefu. Hospitali ikishatuliza presha na kuondoa hatari ya kifo, mgonjwa hurudishwa kwa jamaa zake, na huko ndiko kazi iliyobaki hufanyika, kazi ambayo wataalamu huiita utengamao, yaani mkusanyiko wa mazoezi, vifaa na marekebisho ya mazingira unaomrejesha mtu katika shughuli zake kadiri mwili unavyoruhusu.

Kipindi cha mwanzo kina thamani ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya nafuu ya viungo hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa maendeleo ya polepole huweza kuendelea baadaye. Familia inayodhani mgonjwa amerogwa au amepigwa na upepo mbaya, dhana ambayo utafiti wa Gerry Mshana na wenzake wa mwaka 2008 uliikuta zaidi Dar es Salaam kuliko Hai, inaweza kuipoteza miezi hiyo kwa waganga, na familia inayomlaza kitandani ili apumzike inaweza kuipoteza vilevile.

Jinsi utegemezi unavyopimwa

Wataalamu wamejaribu kwa zaidi ya nusu karne kuupima utegemezi kwa vipimo vinavyolinganika. Mwaka 1963 daktari wa Marekani Sidney Katz na wenzake walitaja shughuli sita za msingi za kila siku, ambazo ni kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kudhibiti haja na kula. Miaka miwili baadaye Florence Mahoney na Dorothea Barthel walitoa kipimo cha shughuli kumi chenye alama kuanzia 0 hadi 100, kinachojulikana kwa jina la Barthel, ambacho hadi leo hutumika sana kwa wagonjwa wa kiharusi.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo mpya wa kuainisha ulemavu, nao ukaweka tofauti yenye uzito katika suala hili, yaani tofauti kati ya uwezo, ambao ni kile mtu anachoweza kukifanya akiwekewa mazingira ya kupimwa, na utendaji, ambao ni kile anachokifanya kwa kweli katika maisha yake ya kila siku.

Mgonjwa anayeweza kufunga vifungo vya shati mbele ya mtaalamu lakini nyumbani hufungiwa kila asubuhi ana uwezo mkubwa kuliko utendaji wake. Pengo hilo halitokani na mshipa wa ubongo. Hutokana na nyumba, ama kwa kukosa vifaa, ama kwa haraka, ama kwa huruma.

> Pengo kati ya kile mgonjwa anachoweza na kile anachofanya halitokani na mshipa wa ubongo; hutokana na nyumba.

Hoja ya wataalamu: kiungo kisichotumika husahaulika

Upande wa kwanza katika mjadala huu ni wa wataalamu wa fiziotherapia, wanaoshughulikia mwendo na nguvu za viungo, pamoja na wa tiba kwa vitendo, wanaomfundisha mgonjwa upya kula, kuvaa, kupika na kazi nyinginezo. Wao hushikilia kwamba kila tendo analofanyiwa mgonjwa ilhali angeweza kulijaribu ni zoezi lililopotea.

Hoja hiyo ina msingi katika kazi za mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub, aliyeeleza hali ya kiungo kuachwa kwa mazoea: mgonjwa hujaribu mkono dhaifu siku za mwanzo, hushindwa, hugundua kwamba mkono mzima au mkono wa jamaa unamaliza kazi haraka, na hatimaye hauiti tena mkono ule hata baada ya ubongo kupata nafuu ya kuutumia.

Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lililowahusisha wagonjwa 222 nchini Marekani waliopatwa na kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla, lilizuia mkono mzima kwa glovu maalumu sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili na kuulazimisha ule dhaifu kufanya kazi. Waliopata tiba hiyo waliutumia mkono huo vizuri kuliko wale wa huduma za kawaida. Tiba hiyo, hata hivyo, ilihusu wale tu ambao kiganja na vidole vyao vilikuwa na mjongeo fulani, na kwa hiyo haiwi hoja ya kumlazimisha mtu ambaye mkono wake haujitikisi kabisa.

Ushahidi wa pili unahusu mazungumzo na mahusiano. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Margret Baltes alichunguza kwa miaka mingi mwenendo wa wazee na wahudumu wao katika makao ya wazee, na akakuta kwamba mzee aliyeomba msaada au aliyengoja kuvalishwa aliitikiwa upesi, akasemeshwa na kuketiwa karibu, ilhali aliyejivalia mwenyewe aliachwa bila neno. Kwa maelezo ya Baltes, mzee katika mazingira hayo hujifunza kuwa tegemezi, kwa kuwa utegemezi ndio unaomletea mtu wa kuwa naye.

Uchunguzi huo unatoa funzo ambalo familia zinaweza kulitumia bila gharama: anayejitahidi kuosha uso mwenyewe akaliwe karibu na azungumzishwe wakati akijitahidi, ili kujitegemea kusiwe njia ya kubaki peke yake.

Hoja ya familia: radhi, usalama na saa

Upande wa pili ni wa familia, nao una hoja ambazo vitabu vya tiba mara nyingi huzipita haraka. Katika jamii ambamo radhi za wazazi huhesabiwa kuwa mtaji wa dunia na akhera, binti anayemwacha mama yake aliyepooza ahangaike nusu saa na blauzi hujiweka katika hatari ya kuhukumiwa na majirani, na wakati mwingine na mama mwenyewe, kuwa ni mtoto asiye na huruma. Baba aliyesomesha watoto sita ana sababu ya kutarajia kuhudumiwa, na kumwambia ajiandalie chai kunaweza kusikika kama kumsimanga.

Hoja hiyo ina utetezi wa kifalsafa pia. Eva Feder Kittay, mwanafalsafa wa Marekani aliyemlea binti mwenye ulemavu mkubwa, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba kila binadamu huanza maisha akiwa tegemezi na wengi huyamaliza hivyo, na kwamba jamii inayoona aibu katika kutegemea humdhalilisha anayelelewa na anayelea kwa pamoja.

Usalama ni hoja nyingine yenye nguvu. Mgonjwa anayejitahidi kwenda chooni usiku peke yake anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na mgonjwa ambaye misuli ya koo imedhoofika anaweza kupaliwa, chakula au maji yakaingia katika njia ya hewa na kusababisha nimonia. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kumwachia sahani kabla ya kupimwa jinsi anavyomeza ni uzembe, na kumketisha wima wakati wa kula na kwa muda baada ya kula ni sharti lisilo na mjadala.

Hoja ya tatu, ambayo ni nadra kusemwa waziwazi, ni ya saa. Kumwogesha mgonjwa kunaweza kuchukua robo ya muda anaouhitaji kujiogesha, na anayeuguza ana sufuria jikoni, watoto wa shule na genge la kufungua. Wataalamu wanaoagiza mgonjwa aachwe afanye mwenyewe humwagiza mtu mwingine atoe saa ambazo pengine hana.

Mafundisho ya dini yanatoa mfano wa jinsi pande hizi zinavyoweza kukutana. Katika fikihi ya Kiislamu, asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Ibada haiondolewi wala mwingine hamsalii, bali umbo la tendo hupunguzwa hadi kiwango ambacho mwenyewe analimudu.

Hoja ya watetezi wa haki: nani anaamua?

Upande wa tatu uliingia katika mjadala kupitia watu wenye ulemavu wenyewe. Ed Roberts, aliyepoozwa na polio akiwa na umri wa miaka 14 na aliyehitaji mashine ya kupumulia, alisoma katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1972 alishiriki kuanzisha huko kituo cha kuishi kwa kujitegemea kilichoongozwa na walemavu. Mwaka 1975 akateuliwa kuongoza idara ya utengamao ya jimbo la California, idara ileile ambayo awali ilimhesabu kuwa mlemavu mno asiyeweza kuajiriwa.

Roberts hakuweza kujivalisha, wala hakujidai kwamba angeweza. Yeye na wenzake walidai kwamba kujitegemea kupimwe kwa mamlaka aliyonayo mtu juu ya maisha yake, ikiwamo mamlaka ya kumwelekeza anayemvalisha avalishwe nini na saa ngapi.

Mwaka 1988 mtaalamu wa maadili ya tiba Bart Collopy aliliweka jambo hilo katika istilahi zilizoenea baadaye katika taaluma ya uzee, kwa kutenganisha uhuru wa kuamua, yaani kuchagua bila kulazimishwa, na uhuru wa kutenda, yaani kulitekeleza kwa mwili lile lililochaguliwa. Mtu anaweza kupoteza wa pili wote akabaki na wa kwanza wote, na uuguzi unaomnyima wa kwanza kwa sababu amepoteza wa pili umemwongezea ulemavu.

Waswahili wanaosema penye wazee haliharibiki neno hawakuwa wakisifu nguvu za mikono ya wazee. Walisifu ushauri wao. Ni jambo la kushangaza, kwa hiyo, kwamba mzee aliyepoteza mkono mmoja hupoteza haraka kiasi hicho kiti chake katika vikao vya ukoo, na kwamba katika baadhi ya familia mazungumzo juu ya kugawana shamba huanza mwenyewe akiwa hai na akisikia.

> Mtu anaweza kupoteza uhuru wote wa kutenda akabaki na uhuru wote wa kuamua.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa wenye afasia, yaani kuharibika kwa lugha kunakofuatana mara kwa mara na dhara la upande wa kushoto wa ubongo. Mwenye afasia anaweza kujua anachotaka, akamtambua kila mtu na kukumbuka madeni yake, lakini akakosa neno au akatamka lisilo lenyewe. Kwa kuwa hali hiyo mara nyingi huandamana na kupooza kwa mkono wa kulia, mgonjwa yuleyule anayelishwa ndiye pia anayedhaniwa hana akili timamu.

Familia inaweza kumrudishia nafasi yake kwa mbinu nyepesi: kuuliza swali moja kwa wakati, swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, kumwonyesha nguo mbili achague kwa kidole, kutumia picha na ishara, na kungoja jibu bila kumkamilishia sentensi. Fedha nazo zinahitaji utaratibu ulio wazi, kama vile kila muamala wa simu kufanywa mbele yake na ujumbe wa uthibitisho kusomwa kwa sauti, badala ya namba ya siri kuwa mali ya atakayeiwahi.

Chumbani, bafuni na chooni

Mizani inayojadiliwa hapa hupatikana katika mambo madogo ya kila siku. Katika kuvaa shati au kanzu, mkono uliopooza huingizwa kwanza na mzima hufuata. Katika kuvua, mzima hutoka kwanza. Mgonjwa anayeijua kanuni hiyo, aliyeketishwa kwenye kiti imara chenye egemeo, mara nyingi huweza kujivalisha sehemu kubwa, naye msaidizi akabaki na kazi ya kunyoosha kola mgongoni.

Kumwinua kwa kumvuta mkono uliopooza ni kosa la kawaida linaloumiza bega, kwa sababu misuli inayolishika fundo la bega imelegea. Mkongojo nao hushikwa na mkono mzima, na kitanda chenye kimo cha magoti humwezesha kusimama kuliko godoro la chini.

Katika kula, kitambaa chenye unyevu kilichotandikwa chini ya sahani huizuia isiteleze, bakuli lenye kingo za wima humpa mahali pa kusukumia wali, na mpini wa kijiko uliozungushiwa kitambaa hadi ukawa mnene hushikika kwa vidole dhaifu. Kuhusu mkono wa kushoto, familia inaweza kukubaliana waziwazi kwamba kijiko kitumike, na kwamba aliye na udhuru hana lawama, jambo ambalo viongozi wa dini wanaweza kulithibitisha mbele ya mgonjwa mwenyewe ili aibu isimnyime chakula.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kizuizi kikubwa kuliko vyote katika nyumba nyingi, kwa kuwa mguu mmoja hauwezi kumshusha wala kumpandisha mtu. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na bomba au mti uliokazwa ukutani upande wa mkono mzima, humwezesha aliyekuwa akishikiliwa na watu wawili kuingia na msaidizi mmoja anayengoja mlangoni. Kwa mzee wa Kiswahili, ambaye kuonekana uchi na mkwe au mwanawe ni fedheha, tofauti kati ya msaidizi aliye ndani na aliye mlangoni ni kubwa kuliko alama yoyote katika kipimo cha Barthel.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo hufundisha msaada utolewe kwa ngazi: kwanza neno la kukumbusha, lisipotosha ishara ya kuonyesha, kisha mguso wa kuongoza kiwiko, na mwisho tu kufanyiwa. Kila wiki chache ngazi hiyo hupimwa upya, kwa sababu msaada uliofaa mwezi wa kwanza unaweza kuwa kizuizi mwezi wa tatu.

Pale kuamua kwenyewe kunapopungua

Hoja ya uhuru wa kuamua hukutana na mpaka wake katika demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na utambuzi kunakotokana na maradhi ya ubongo, ambako kiharusi chenyewe ni mojawapo ya visababishi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa na hali hiyo.

Hata hapo, uwezo wa kuamua hauondoki wote kwa siku moja. Mtu asiyeweza tena kufahamu mkataba wa kuuza kiwanja anaweza kuchagua kanga, chakula, kituo cha redio na mtu wa kumwogesha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, huzitaka nchi zimpe mtu msaada wa kuamua, na huo ni mwelekeo tofauti na ule wa kumwamulia.

Anayeuguza naye ni mtu

Katika kaya nyingi mzigo huu humwangukia mwanamke mmoja, awe mke, binti asiyeolewa, mkwe au msaidizi wa kazi za ndani, wakati kaka walio mjini au ng'ambo hutuma fedha kwa simu na maagizo pamoja nazo. Aliye mbali hutaka mzee asiguse kitu ili asianguke. Aliye karibu ndiye anayeinua uzito wa mwili ule mara kadhaa kwa siku, na mgongo wake hauingizwi katika hesabu ya familia.

Mafunzo kwa waangalizi, kama wanavyoitwa jamaa wanaouguza, yana faida iliyothibitishwa. Jaribio la Lalit Kalra na wenzake lililohusisha wagonjwa 300 nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba waangalizi waliofundishwa stadi za msingi wakati mgonjwa akiwa bado hospitalini walielemewa kidogo kuliko wenzao, na gharama za huduma zilipungua.

Hata hivyo, matumaini hayo yana kikomo. Jaribio kubwa la India lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, liliwafundisha jamaa kuendesha utengamao nyumbani, na baada ya miezi sita idadi ya waliokufa au waliobaki tegemezi haikutofautiana na ya wale waliopata huduma za kawaida. Matokeo hayo yanaonya juu ya sera yoyote inayotaka binti mwenye mafunzo ya siku chache ashike nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia.

> Mafunzo humpunguzia mwangalizi mzigo, lakini hayamfanyi kuwa mbadala wa mtaalamu.

Sheria na sera zinasemaje

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliichukulia familia kuwa taasisi ya msingi ya matunzo ya wazee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inaliweka suala hili kwa uwiano unaofaa kuigwa, kwa kuwa inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kujiendeleza, na papo hapo haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Hakuna haki moja kati ya hizo inayofutwa na nyingine.

Fedha mkononi mwa mzee ni sehemu ya uhuru wake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha awali cha shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya inao mpango wa Inua Jamii unaowalipa wenye umri huohuo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kiasi hicho hakiwezi kumlipa mhudumu, lakini humpa mzee kauli juu ya kitu fulani ndani ya nyumba.

Kinachopungua zaidi ni wataalamu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa kitovu cha kuwafunza wataalamu wa fiziotherapia, tiba kwa vitendo na viungo bandia, lakini huduma zao zimejikita katika hospitali kubwa, na mgonjwa wa kijijini asiyeweza kupanda daladala hukatiza kliniki baada ya mara moja au mbili. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo haumfikishi mtu kliniki ikiwa nauli ya bajaji au ya gari la kukodi inazidi kipato cha wiki.

Hukumu ya mjadala

Kila upande kati ya hizi tatu una ukweli ambao nyingine hazina. Wataalamu wako sahihi kwamba mwili usiotumika hudhoofika, familia ziko sahihi kwamba kutegemea si aibu na kwamba usalama na saa ni vitu halisi, na watetezi wa haki wako sahihi kwamba mamlaka ya mtu hayakai katika misuli yake. Mgongano hupungua pale maswali mawili yanapoulizwa kila moja kwa nafasi yake: mwili wake unaweza nini wiki hii, na yeye anataka nini. Jibu la swali la kwanza hubadilika kila baada ya muda na huhitaji mtaalamu. Jibu la swali la pili linahitaji tu mtu wa kuuliza na subira ya kungoja.

Wizara zinazohusika na afya na ustawi wa jamii zinapaswa kuhakikisha kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanafundishwa kupima utendaji wa mgonjwa nyumbani na kuelekeza marekebisho ya choo, kitanda na vyombo, kwa kuwa gharama ya kiti kilichotobolewa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya nyonga iliyovunjika.

Familia inayopewa ruhusa ya kumtoa mgonjwa wa kiharusi wodini ina haki ya kuuliza kabla ya kusaini: afanye nini mwenyewe kuanzia leo, asaidiwe nini na kwa namna gani, na lini arudi kupimwa upya. Nyumbani nako kuna swali la nne, ambalo ni mambo gani yataendelea kuamuliwa na yeye mwenyewe. Hospitali isiyo na majibu ya maswali matatu ya kwanza haijamaliza kazi yake, na familia isiyo na jibu la swali la nne bado haijaianza ya kwake.